Klorini ya Kuua Virusi

Hasira hii sijaimeza mpaka leo, na siombi radhi kwa mtu.

Nilikuwa msimamizi wa mtambo wa majitaka wa chuo kimoja nje kidogo ya Kambarage. Kazi yangu, kwa ufupi, ilikuwa kulea bakteria. Wao ndio wanaokula uchafu, maji yakatoka yanafaa kumwagilia bustani. Wiki moja maji yakaanza kutoka na ukungu. Nikapima sumu, sikuona. Rafiki niliyesoma naye, ambaye yuko maabara Mwanza, akakagua sampuli na Jumatatu akanipigia: kuna virusi wanaoshambulia bakteria. Binadamu hawamgusi. Tulia, bakteria watakaosalia watazaana tena.

Nilimwelewa upesi. Mama yangu hakukisugua kibuyu cha maziwa kikatakata. Aliacha mtindi kidogo wa kugandishia maziwa ya kesho.

Kosa langu ni kulitamka neno "virusi" mbele ya bosi. Aliruka kutoka kitini.

"Virusi? Unataka wanachuo wangu wafe? Mwaga klorini!"

"Mkuu, klorini itawamaliza hata bakteria waliobaki."

"Kwani wewe ni daktari?"

Yeye mwenyewe alisomea ugavi! Akasimamia ndoo baada ya ndoo, kavaa barakoa mbili, anapigwa picha. Kufikia Jumanne mtambo ulikuwa umekufa, kinyesi kinatoka kama kilivyoingia, na pampu ya kusukuma maji bustanini haikuzimwa hata dakika moja. Nikaambiwa nifunge mdomo. Nikafunga, mjinga mimi.

Ijumaa uvumilivu ukanishinda. Nikashuka kwa mama mmoja anayelima mchicha chini ya bomba letu. Mimi ndiye niliyemhakikishia kwamba maji yale ni salama.

"Shikamoo, mama. Usimwagilie tena. Hayo ni majitaka mabichi."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu." Akaweka ndoo chini. "Tangu lini?"

Nikaanza kumsimulia: bosi, virusi, klorini, barakoa mbili. Akaninyooshea mkono ninyamaze.

"Nimekuuliza lini."

"Tangu Jumanne."

Akaangalia matuta yake, kisha akaniangalia mimi.

"Jumatano ulipita hapa. Nikakufungia mchicha wa watoto wako, ukaupokea, ukanishukuru. Mliula?"

"Hapana, mama," nikasema. "Niliutupa."