Mayai Mekundu ya Jilala

Mgiriki mwenye kinu cha pamba pale Tinde aliondoka zamani, na kinu kikabaki mabati yanayolia upepo ukivuma. Mpishi wake, Jilala, aliachiwa sufuria mbili na mwaka mzima wa sikukuu za watu wengine. Sufuria zilitoboka. Sikukuu hakujua pa kuziweka, akaendelea kuzisherehekea.

Mwaka mpya alioka mkate wenye sarafu ndani. Atakayeipata ana bahati. Mwaka tisini na mbili jirani yake, Maganga, aliipata kooni, na bahati yake ikawa kwamba ilitoka. Mgiriki alikuwa akipasua komamanga kizingitini ili nyumba ijae heri. Tinde hakuna komamanga, basi Jilala alipasua papai, nyumba ikajaa nzi. Mwezi wa sita aliwasha moto wa mabua uani, na watu wazima wakauruka mara tatu ili waache humo mabaya ya mwaka. Wengine waliacha na pindo za suruali.

Lakini kubwa ilikuwa Pasaka. Jilala alikumbuka tu kwamba ya Wagiriki huchelewa, kwa hiyo aliwangoja Wakatoliki wamalize, akaongeza wiki moja. Alinunua dukani kwa Taherali rangi nyekundu ya mikeka, akachemshia mayai, akamgawia kila aliyefika.

"Kristosi anesti!" aliwasalimu kwa Kigiriki, yaani Kristo amefufuka.

"Marahaba," walijibu.

Kisha waligonga yai kwa yai, ncha kwa ncha. Lako likivunjika, umetoka. Mwenye yai litakalobaki zima ana heri mwaka mzima, na miaka sita mfululizo mtu huyo alikuwa Jilala. Hakuna aliyejua kwamba yai lake lilikuwa la kanga wake, ganda gumu kama kokoto. Rangi ilificha madoadoa. Ngumi ilificha udogo.

Mwaka tisini na saba Jilala alikuwa na miaka minne tangu afiwe na mkewe. Kila jioni, mpishi mzima, alikwenda kula wali kwa Bernadina, mjane aliyewapikia madereva wa malori kando ya barabara. Alikula hata akiwa ameshiba. Pasaka ile, mbele ya watu wote, Bernadina aliinua yai jekundu alilokuja nalo.

"Baba Masalu, umeniposa mara tatu. Leo yai lako likivunja langu, nahamia kwako. Langu likivunja lako, utajipikia."

"Mama Loveness, mbele ya watu?"

"Kwani uliniposa mafichoni? Hata dereva wa lori la Kagongwa anajua."

Jilala aligeukia meza. Yai la kuku lilikuwapo, la haki, jeupe moyoni. Alilitazama kama mtu anayetazama njia ndefu. Kisha akachukua la kanga.

Aligonga. Yote mazima. Bernadina akagonga. Yote mazima. Walipofika mara ya kumi vidole vyao vilikuwa vyekundu, na watu walikuwa wakihesabu kwa Kisukuma. Mara ya ishirini Jilala alianza kulishuku yai la Bernadina, maana hakuna kuku duniani mwenye yai la namna ile.

"Haya ni mawe!" akapaza sauti Maganga, ambaye alikuwa ameshindwa miaka yote sita. "Leteni mchi, tuyapasue tuone!"

Jilala alihisi miaka sita ya heri ikimporomokea.

"Mchi ukapasue karanga kwako," alisema Bernadina. "Yai la posa halipasuliwi na jirani." Akanyoosha mkono, akachukua na la Jilala, akayafunga yote mawili katika pindo la kitenge. Kisha akamsogelea, akanong'ona.

"Kanga wako wawili wanatagia kwenye ua wangu wa manyara tangu masika ya mwaka juzi. Nilikuwa nangoja uwafuate."

"Mwaka juzi! Ulijua?"

"Yai la kuku nalivunja kila asubuhi, Baba Masalu. Nisijue?"

Jilala alilitazama pindo la kitenge. "Sasa langu halikuvunja lako. Ina maana huhami?"

"Sihami."

Jilala akainama.

"Hamia wewe," alisema Bernadina. "Ndege wametangulia."

Mwanamume wa Kisukuma kuhamia kwa mke! Tinde ilicheka hadi mavuno. Jilala alihama Jumatatu, kikapu cha kanga waliobaki kichwani, vidole bado vyekundu, akimsalimu kwa Kigiriki kila aliyecheka.