Bibi Aliyenionyesha Ndiga

Sikulazimishi uamini, ila haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa Mofu.

Mafuriko yalikuwa yameondoka na mpunga wetu wote. Mimi nilikuwa nimeolewa mwaka huohuo kutoka Kiberege, nikiishi kwa mama mkwe na wajukuu zake wanne. Njaa ikabisha hodi. Nikasikia watu wanachimba viazi vya porini, nikaingia kichakani peke yangu. Nikakuta mmea umetambaa mpaka juu ya mti, nikafukua, nikajaza ndoo. Nilijiona mjanja, nakwambia.

Nainua kichwa, bibi mmoja amesimama mbele yangu, kajifunga kaniki. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Akachungulia ndoo, akaniuliza nyumbani kuna watoto wangapi. Nikamwambia wanne.

"Hii ni ndiga," akasema. "Bila kulowekwa siku nyingi inaua. Shika shina, usikie miba. Sasa hesabu majani."

Kila kikonyo kilikuwa na majani matatu. Akanionyesha mmea mwingine, nao matatu, ila hauna miba: upupu. Nikarudi nyuma; nani asiyeujua upupu? Yeye akayapapasa yale maganda yenye manyoya kama anayempapasa paka, wala hakujikuna. Mwisho akanishika mkono, akauweka kwenye shina laini lenye jani mojamoja, umbo la moyo. Kiazi cha kuliwa ndicho hicho. Kiganja chake kilikuwa baridi kama mtungi, lakini sikuogopa. Niamini, nilikuwa namtazama tu, alivyoijua mimea ile kama mama anavyowajua wanawe.

Nikamwaga ndoo, nikainama kuchimba upya. Nilipogeuka kumshukuru, hayupo. Kwenye tope kulikuwa na nyayo zangu tu.

Nyumbani nikamsimulia mama mkwe. Hakushangaa. Aliendelea kumenya viazi nilivyomletea.

"Huyo ni bibi yake mume wangu," akasema. "Hata mimi alinifundisha, mwaka nilioolewa. Hata wakati huo alikuwa ameshazikwa."

Mpaka leo majirani wananiita niwakagulie walichochimba, na mkono ule alioushika haujawahi kuwashwa na upupu. Wewe unayeingia porini na njaa yako, papasa shina, hesabu majani, uliza wenyeji. Ukikosa uhakika, mwaga ndoo. Si kila mtu anatumiwa mtu wa kumzuia.