Mama yangu anaolewa, na alichosema daktari hakijui

Admin, nifichie jina, maana nyumbani wanaufuata ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nimeolewa hapa Gitega. Mama yangu ni mjane, anakaa Muyinga, fundi cherehani anayejulikana mjini.

Baba alipofariki, mama alinyamaza. Hakulia sana, alinyamaza tu. Akawa hali, haogi mpaka aambiwe, na kilichonitisha zaidi, akaanza kusahau. Alishika mkasi mbele ya kitambaa cha bibi harusi akaganda, hajui aanzie wapi, yeye aliyenifundisha kukata. Hata jina la mwanangu lilimpotea. Nikamleta Gitega. Daktari akasema ni sonona, ugonjwa wa huzuni, na kwamba huzuni ikizidi huvuruga hata kumbukumbu. Alitumia dawa, akawa anakutana na mshauri, na taratibu akarudi. Siku aliyonigombeza kwa kuunguza maharage, nilijificha jikoni nikalia kwa furaha.

Lakini tulipokuwa tunaagana, daktari aliniita pembeni. "Amepona kweli," akasema, "ila mtu wa umri wake akisahau namna ile kwa sababu ya sonona, baadaye yuko kwenye hatari zaidi ya kupata ule ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Si lazima umpate. Mfuatilieni tu." Hayo nimemwambia kaka yangu na mume wangu. Mama sijamwambia.

Sasa mama amechumbiwa. Mwanaume ni muuza mchele, mjane pia, mpole, na mama anacheka kama msichana. Mimi ndiye situlii. Kila siku nampigia simu nisikilize kama atarudia neno. Nikienda Muyinga namuuliza vitu vya kijinga, jana alipika nini, jirani alijifungua lini. Ameshanishtukia. "Mi niko muzima," aliniambia. "Mbona unaniangalia kama mutoto mwenye homa?"

Kaka anataka ninyamaze, anasema nitakuwa namzika mama angali hai kwa ugonjwa ambao hana. Mume wangu anasema mwili ni wa mama, aambiwe yeye kwanza aamue mwenyewe. Je, nikimwambia akarudi kwenye ule ukimya?

Jumapili yule mzee alikuja kujitambulisha. Tulipobaki wawili barazani aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, mama yenu aliugua nini ule wakati?" Nikamjibu chakula kinapoa. Alinitazama kidogo, akainuka akaenda kula, hakuuliza tena. Tangu hapo silali vizuri. Nikah ni mwezi ujao.

Ndugu zangu, hasa mliouguza wazazi, nimwambie mama, nimwambie mzee wa watu, au nifunge mdomo niwaachie furaha yao? Nisaidieni mapema, kesho napanda gari kwenda Muyinga na sijui nitafika na neno gani.