Mashahidi Ishirini

Sifuri! Mimi, niliyeongoza hesabu sekondari miaka yote minne! Nilitaka kuichana ile karatasi palepale kwenye chuo cha ualimu.

Swali lenyewe lilikuwa jepesi: thibitisha kwamba witiri ukijumlisha na witiri unapata shufwa, kama tatu na tano zinavyotoa nane. Nikaandika mifano ishirini, yote sahihi. Kwetu Garissa kesi huamuliwa kwa mashahidi. Wawili waaminifu wakisema, maneno yamekwisha. Mimi nimeleta ishirini, mnataka nini tena?

Mwalimu wetu, bwana mpole aliyetoka kule kwenye mashamba ya chai, alinisikiliza nikifoka mpaka nikaishiwa pumzi.

"Hao ishirini wamejisemea wao tu," akasema. "Na wale wasiokuja je?"

Kisha akaniambia limebaki jaribio moja. Nikianguka, naondolewa darasa la hesabu. Na mimi sikutaka kufundisha kitu kingine maishani.

Jumamosi nilimkuta mama sokoni akiuza maziwa ya ngamia, nikammwagia hasira zangu zote. Wala hakuacha kupima maziwa.

"Ngamia akionekana amepotea huko Masalani, na hujawahi kumwona, utajuaje ni wa ukoo wetu?"

"Kwa chapa, Hooyo! Wetu wote wana chapa ile ile shingoni."

"Sasa wewe unahangaika kuwaita mashahidi mmoja mmoja ya nini?"

Wallahi! Chapa ya witiri ni nini? Ukiipanga mbili mbili, hubaki moja. Kila witiri, hata ile ambayo hakuna aliyewahi kuitaja. Basi chukua zozote mbili: hii imebakisha moja, ile imebakisha moja, na hizo mbili zilizobaki ni jozi. Hakuna kinachosalia. Alhamdulillahi!

Siku ya jaribio swali lilikuwa jingine, lakini nilianza kwa kutafuta chapa. Mistari minne, bila mfano hata mmoja. Mwalimu akasoma, akarudi juu, akasoma tena.

"Utabaki nasi," akasema.

Namshukuru mpaka leo kwa ile sifuri. Angenionea huruma, angeniharibu.

Mama hajui kusoma. Nilimwelezea ile mistari kwa Kisomali, mmoja baada ya mwingine, na huyu ni mtu anayemhoji hata daktari mpaka ajute. Nikangoja.

"Sina la kuuliza," akasema. Nikalia mbele ya wateja wake.