Kioo cha Pili Dirishani kwa Mama

Nyumba yetu ipo kwenye mteremko wa kwenda Rusumo, mahali malori yanapoanza kushika breki. Mama alihama kijijini kwake Keza kuja kwetu kwa ajili ya matibabu ya moyo, na daktari akamwagiza alale kila mchana. Hakulala. Kila lori liliposhuka alishtuka, mwisho akapanga nguo zake mfukoni na kuufunga kwa kamba ili arudi. Alisema bora afie Keza akisikia kuku.

Nilisoma nilichoweza kupata kuhusu kuzuia kelele. Dawa ilikuwa kuongeza dirisha jingine la kioo upande wa ndani, nyuma ya lile la zamani, na kuacha kati yake nafasi ya upana wa kiganja. Fundi wa aluminiamu alitaka kuvibandika vioo viwili pamoja. Nikamshuku anakwepa kazi ya fremu, nikavuta kiti na kumtazama mpaka akamaliza.

Lori la kwanza likasikika vilevile. Nikashuku kioo ni chembamba. Nikakipima, kikawa sawasawa. Ndipo nikapanda ngazi na kutega sikio ukutani, kidogo kidogo, hadi kwenye matundu ya hewa tunayoyaacha juu ya kila dirisha. Kelele yote ilikuwa inapita pale. Tukayaziba ya upande wa barabara, ya upande wa migomba tukayaacha chumba kipumue.

Mama akalala. Lakini baada ya siku chache alianza kunyamaza kila mara mimi na mke wangu tulipoingia. Jioni moja akaniuliza, "Uliwaambia nini majirani?"

Sikumwelewa.

"Hawanisalimii tena. Wanapita hapo dirishani, wananitazama, midomo inacheza, wanaondoka. Wananisengenya, na maneno umewapa wewe."

Kumbe majirani nao walikuwa wamemlalamikia mke wangu kwamba bibi wa Keza siku hizi anaringa. Kwetu humpiti mzee bila shikamoo, na huondoki kabla ya marahaba.

Kumweleza habari za vioo kusingesaidia, angesema namficha jambo. Kesho yake nikakaa naye dirishani. Jirani anayeuza ndizi akapita, akasimama, midomo ikacheza. Nikasukuma kioo cha ndani, kisha cha nje. Sauti ikaingia katikati ya maneno: "...nasema shikamoo, bibi, au tumekukosea?"

"Marahaba," Mama akajibu. "Nilikuwa nimefungiwa."

Wakacheka wote wawili. Jirani akanitazama kana kwamba mimi ni askari wa magereza.

Sasa vioo anavisukuma mwenyewe. Hufunga anapotaka kulala. Akiamka hufungua, malori na yapige kelele. Ila mfuko bado uko chini ya kitanda, umefungwa. Nilipomuuliza kwa nini haufungui, alinitazama kwanza, kisha akatazama ukuta niliouziba matundu.

"Ngoja nione utaziba nini kingine," alisema.