Picha za Maziko Zilizoisha Siku ya Sabato

Ishmael Anyona hana studio. Hana kompyuta, hana kadi ya pili ya kamera, na simu yake humlalamikia kila juma kwamba imejaa. Miwani anayovaa aliachiwa na marehemu kaka yake, na kwa jicho la kushoto haimfai. Alichokuwa nacho miaka yote thelathini na moja ya kupiga picha ni sauti ya kuita watu.

"Ndugu za marehemu waje mbele. Wewe mzee, vua kofia. Hata marehemu hakukujua ukiwa nayo."

Ni saa nne asubuhi, Jumatano, katika boma moja karibu na Nyamarambe. Mvua ya jana bado inadondoka kutoka kwenye migomba. Jeneza liko wazi, na Anyona, mwenye umri wa miaka hamsini na tisa, anaita ukoo kwa zamu. Mjane ndiye wa kwanza, naye husimama upande wa kichwa. Kisha watoto, ndugu, wakwe, na mwisho akina mama wa kanisa.

Waombolezaji wanacheka kidogo kwa ile kofia. Yeye hacheki. Amechoka, wala hafichi uchovu wake.

"Picha ya maziko ni ushahidi," anasema akipangusa lenzi kwa ncha ya shati. "Mtu akisimama pale, amesimama. Kesho hawezi kuambiwa hakuwa wa hapa."

Zamani kazi hii ilimlisha. Alipiga picha Alhamisi, akazisafisha mjini Kisii, na juma lililofuata akarudi bomani na bahasha. Kila nyumba ilinunua nakala zake, shilingi hamsini kila moja, na maziko mamoja hayakukosa nakala sitini. Siku hizi hulipwa shilingi elfu moja na mia tano kwa siku nzima, na hakuna anayetaka karatasi.

"Wanasema, 'Omogaka, mzee wetu, turushie.' Picha si mpira, lakini narusha."

Ndipo akaingia mitandaoni. Mtandao wa kwanza aliofundishwa ulikuwa na viduara juu kabisa. Picha ukiiweka pale hukaa siku moja, kisha hutoweka yenyewe. Anyona aliumia mara moja kwa picha za harusi moja huko Mosocho, akaapa hatarudi tena. Akahamia mtandao wa pili, ambao alijua picha zake hukaa miaka na miaka.

Hakujua kwamba mtandao huo wa pili uliona vijana wakikimbilia viduara vya jirani, nao ukajiwekea vyake. Wa tatu ulifanya vivyo hivyo. Hata mtandao wa kutumiana ujumbe tu ukawa navyo.

"Nilidhani nimehama soko," anasema. "Kumbe nimehama kibanda, na muuzaji ni yule yule."

Mwezi uliopita alipiga picha za maziko ya Ogoti, mkulima wa chai huko Nyamira. Mjane wake, Bathsheba Kemuma, huuza ndizi mjini Kisii na amekuwa akilala mjini siku nyingi za juma kwa miaka tisa. Ng'ombe wa mahari hawakumalizika kutolewa. Kwa hiyo kabla ya maziko, mama huyu alimvuta Anyona kando.

"Mpiga picha, mimi unipige vizuri," alimwambia. "Hawa watu nawajua."

Anyona alimpiga vizuri. Hata ndugu wa marehemu, Josiah, ndiye aliyemshika mkono mama huyo na kumpeleka kichwani mwa jeneza, akisema mbele ya watu, "Mke wa ndugu yangu asimame hapa."

Ijumaa saa tisa alasiri, Anyona aliziweka picha zote kwenye mtandao wake wa pili, akazifuta kwenye simu ili ipumue. Jua lilipotua akazima simu, kama afanyavyo kila Ijumaa. Yeye ni Msabato, na siku ya Sabato simu haiguswi. Bathsheba naye ni Msabato. Yake pia ilikuwa imezimwa.

Siku moja ya zile picha ilianza na kuisha hivyo, wenye haja nazo wakiwa kanisani. Zilitoweka Jumamosi saa tisa, jua likiwa bado juu.

Jumapili alfajiri alifuta kadi yake ya pekee, akaenda kupiga harusi. Mchana Bathsheba akampigia.

"Mpiga picha, nimeingia kule ulikosema. Mbona naona picha yako wewe tu, na hiyo miwani?"

Anyona alikwenda mbio kwa binti ya kaka yake, Lavender, anayetengeneza simu mjini Kisii.

"Baba mdogo, ulibonyeza wapi?"

"Pale juu, kwenye alama ya kujumlisha."

"Pale ni pa siku moja. Pa kukaa ni pale chini."

"Pa siku moja ni kule kwingine."

"Huku pia. Waliiga."

"Watu wazima wanaigana?"

"Matajiri, baba mdogo. Maskini akiiga wanamshtaki."

Lavender alitafuta pahali ambapo simu huweka akiba ya picha hizo. Palikuwa pamezimwa. Simu ilimuuliza Anyona siku moja kama ipunguze mzigo, naye akakubali. Kwenye kadi, harusi ilikuwa imelala juu ya maziko. Vijana waliopiga picha kwa simu zao nao walikuwa wameziweka kwenye viduara, zikaisha vilevile.

Baada ya siku kumi, Josiah aliweka kufuli kwenye mlango wa nyumba ya Ogoti. Alidai Bathsheba alikuwa rafiki tu wa marehemu, hakuwa mke.

"Aliniambia, 'Kama wewe ni mjane, lete picha tuone ulisimama wapi,'" anaeleza Bathsheba, akipanga ndizi zake bila kuinua macho. "Anajua hazipo. Yeye ndiye alinishika mkono, na sasa ananiuliza nilisimama wapi."

Chifu amewaita pande zote mbili Alhamisi hii. Nyumba na nusu ekari ya chai vinategemea kikao hicho.

Anyona hakumlaumu mtu. Alikataa pia ushauri wa Lavender wa kunyamaza.

"Ukiandika kwamba ulizipoteza, nani atakuita tena?" Lavender alimuuliza.

"Wasiponiita nitapumzika," alijibu. "Huyu mama hana pa kupumzikia."

Alasiri ya Jumatano hiyo hiyo, akitoka Nyamarambe na matope hadi magotini, anaketi kwenye kibao nje ya duka la Lavender na kuandika barua kwa chifu. Anaandika kwa herufi kubwa, polepole. Anaeleza nani aliitwa kwanza na nani wa pili, Bathsheba alivaa nini, Josiah alimshika mkono upi na alisema nini. Aya ya mwisho inasema: "Picha zilipotea kwa kosa langu. Aliyesimama nilimwona kwa macho yangu, na nikihitajika nitakuja kuapa."

Anaweka sahihi na nambari ya kitambulisho.

"Niipige picha nimtumie chifu sasa hivi?" Lavender anauliza. "Itafika kabla hujasimama."

"Usiipige. Iende ikiwa karatasi."

Mpango wake, akijaliwa, ni kupata mashine ndogo ya kuchapa picha, hata kuukuu, awe anamkabidhi mjane nakala moja kabla kaburi halijafukiwa. Bei yake ni maziko ishirini, akihesabu bila kula.

Kwenye ofisi ya vifurushi vya kwenda Nyamira jioni hiyo, karani anamuuliza kama ndani kuna pesa.

"Ni maneno tu."

Anailamba bahasha, anaibana kwa dole gumba kutoka pembe hadi pembe, kisha anaongeza gundi kwa sababu haamini. Karani anagonga muhuri. Anyona anangoja hadi bahasha iingizwe kwenye gunia, gunia lifungwe kamba, na gari litoke.