Kiazi Chekundu cha Mama

Harufu ya viazi vitamu vikitokota chini ya majani ya mgomba hunirudisha Pasiansi, kwenye shamba letu dogo kati ya mawe na ziwa. Wenzake mama walipanda marando, yale mashina ya kiazi yanayokatwa na kuchomekwa ardhini. Mama alipanda mbegu. Maua yalipokauka alichuma punje zake, akasugua kila moja kwenye jiwe ili ganda gumu lipitishe maji, na kila punje ikamzalia kiazi cha peke yake: hiki kina nyuzi, kile kina majimaji. Mama Kulwa, jirani yetu, alipita akicheka. "Mwalimu wa viazi, leo wamefaulu wangapi?" "Cheka tu," mama alimjibu, "utakuja kuniomba marando." Mvumilivu hula mbivu. Msimu wa tatu kikafaulu kimoja, ganda jekundu, ndani cheupe, unga mtupu mdomoni.

Kiangazi kilipofika viazi vyenyewe tulishavila. Aina ile ilibaki kwenye marando machache tu, ambayo mama aliyachomeka kitaluni, mchangani karibu na ziwa. Kisha akaitwa msibani Mkolani, akae wiki nzima. "Mwagilia asubuhi na jioni," aliniagiza. "Yakifa haya, hakuna mengine duniani." Nilikuwa na miaka kumi. Nilimwagilia siku moja. Zilizobaki nilishinda juu ya mawe nikicheza na wenzangu, na siku aliyotarajiwa kurudi marando yalikuwa makavu kama kamba. Nikayang'oa, nikakata ya Mama Kulwa yenye majani yanayofanana, nikayachomeka katika matundu yaleyale. "Mbona mashina yamepauka?" mama aliuliza. "Jua, mama." Akaniamini.

Mvua zilipoanza akapanda matuta yote. Siku ya kuvuna aliwaita majirani waje kuonja na kubeba marando. Kiazi cha kwanza kikatoka na ganda jeupe, cha pili jeupe, vyote vile vyetu vya siku zote. Mama Kulwa hakucheka, na hilo liliniumiza kuliko kicheko. "Kimenigeuka," mama alisema, akifuta jembe kwa kiganja. "Mlisema kweli, mimi si mtu wa mambo haya." Hakusugua mbegu tena maishani mwake. Mimi niliendelea kujaza kikapu.

Mwaka huu tumemzika. Wiki zake za mwisho, nikimmenyea viazi, aliniuliza, "Hivi kile chekundu kilinigeuka kwa nini?" Nikasema, "Sijui, mama." Husemwa njia ya mwongo ni fupi, yangu imefika hadi kaburini kwake. Siku hizi viazi vyekundu vimejaa sokoni Mabatini. Mimi hununua fungu, nikachemsha, nikaonja, na kila mara ni majimaji. Mama, hukukosea. Maneno mawili tu, nami nimeyapata baada ya kumfukia.